Gridi jirani wanatusukumia MVAr zao kila usiku, na mkataba umenyamaza!

Wakuu, nimechoka na hili. Kwenye mkataba wa kuunganisha gridi, megawati zimepangwa saa kwa saa. Zikipungua kidogo tu, simu inaita. MVAr, yaani ule umeme riaktivu unaoamua volteji ipande au ishuke, hazina mwenyewe.

Usiku wa manane matumizi yakishuka, laini yetu ndefu ya kilovolti 400 inayovuka mpaka inabaki karibu tupu. Laini ikiwa tupu inazalisha riaktivu yenyewe, volteji inapanda. Dawa kila mtu wa chumba cha udhibiti anaijua: washa riakta, yaani koili kubwa inayonyonya riaktivu, na jenereta nazo zinyonye. Lakini wenzetu riakta yao wameizima, riaktivu yote inamiminika kwetu, na mita inakaribia kilovolti 420. Napiga simu, najibiwa, "Kwetu volteji iko ndani ya kiwango." Itakosaje kuwa ndani ya kiwango wakati ziada yenu naimeza mimi?

Nikigusa tepu za transfoma, yaani ngazi za kurekebisha volteji yake, zao nazo zinasogea, tunaanza kuvutana. Mwisho nalazimika kuitoa laini isiyo na hitilafu yoyote ili volteji ishuke. Gridi inabaki dhaifu hadi asubuhi, na jenereta moja ikidondoka hapo katikati, lawama ni zangu.

Na asije mtu akasema haya ni madogo. Aprili 28, 2025 Hispania na Ureno zilizimika kwa volteji kupanda kupita kiasi. Dakika chache kabla, waendeshaji walikuwa wakituliza mitikisiko ya gridi, ikiwamo kupunguza umeme uliokuwa ukienda Ufaransa, na hatua hizo hizo zikaipandisha volteji. Agosti 14, 2003 kule Marekani na Kanada watu kama milioni 50 walikosa umeme. Uchunguzi ulikuta waratibu wa maeneo mawili jirani hawakuwa na utaratibu wa pamoja kwa matatizo ya mpakani.

Riaktivu haisafirishiki mbali, inamalizwa pale pale inapozaliwa. Kwa hiyo kila upande unyonye riaktivu ya nusu yake ya laini, kikomo cha MVAr mpakani kiandikwe, vipimo vya vituo vyote viwili tuvione sote, na riakta isizimwe bila kuambiana. Hata mtambo mpya hauhitajiki hapo!

Mlio kwenye gridi zilizounganishwa, kwenu nani ana amri juu ya riakta ya mpakani? Na imeandikwa wapi?