Ushuru wa siku na kanjo kubeba mizigo: Nakuru, Kisumu, mpaka lini?

Jameni, kila mwaka bunge la kaunti linapitisha Sheria mpya ya Fedha, viwango vinabadilika, na mama mboga anapata habari kanjo, yaani askari wa kaunti, akiwa ameshasimama mbele ya meza yake. Vikao vya kutoa maoni vinaitwa saa nne asubuhi katikati ya wiki. Saa hiyo watu wa masoko ya Wakulima na Kibuye wanauza. Nani afunge? Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na tangazo la gazetini halimshirikishi muuza sukuma.

Pigeni hesabu. Muuza nyanya akipata faida ya shilingi 400 siku nzuri, ushuru wa 50 umekula sehemu moja kwa nane. Mvua ikinyesha apate 150, ushuru ni ule ule 50: theluthi nzima imeenda, na nyanya zilizobaki zinalainika. Bado hajalipa choo, mkokoteni na mlinzi wa usiku. Mteja hataki kusikia bei imepanda, kwa hivyo fungu la 20 lililokuwa na nyanya nne linabaki na tatu, tena ile ya chini ndogo. Anayelipa ushuru mwishowe ni mwenye sufuria.

Vibanda vya chakula navyo vinahitaji leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, na cheti cha afya kwa kila mfanyakazi kila miezi sita. Wafanyakazi watatu ni vyeti sita kwa mwaka. Cheti cha afya sikipingi hata kidogo, homa ya matumbo inaua. Napinga kila karatasi kuwa na ofisi yake na foleni yake, mpaka mwenye kibanda aone nafuu ni kumwachisha mmoja kazi.

Linalouma kabisa ni kubebewa mzigo. Ndizi zinarushwa kwenye pikapu bila kuhesabiwa. Ukizifuata kesho kwenye yadi ya kaunti, mikungu imepungua, iliyobaki imepondeka, na faini inazidi thamani yake. Kwa hivyo, kabla mzigo haujapanda gari, piga picha, kisha dai orodha yenye idadi, jina na sahihi ya askari. Muulize ni sheria gani na kifungu gani. Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza ushuru au ada ya leseni isiyotokana na sheria, na cha 199 kinasema sheria ya kaunti haina nguvu kabla ya kuchapishwa kwenye gazeti rasmi. Ukikamatwa, kumbuka cha 49: kosa la faini pekee, au la kifungo kisichozidi miezi sita, halikuweki rumande.

Pesa taslimu msimpe mtu mkononi. Lipa kwa simu kwenye nambari ya kaunti, na risiti ionyeshe tarehe, soko na kiasi.

Mwenye jedwali la viwango vya masoko la mwaka huu aliweke hapa tulinganishe na risiti zetu. Nanyi wawakilishi wadi mnaosoma kimya kimya, jibuni: soko linalotozwa kila asubuhi linakosaje maji chooni?