Hivi nani aliwadanganya kuwa SELECT * (chagua kolamu zote) ndiyo njia ya kumimina data ya jedwali moja kwenye jingine?

Wakuu, uzi huu si wa kubembelezana. Kila siku kuna kanzidata ya mtu inaharibiwa kwa mstari huu mmoja, halafu fundi anasema "mbona imepita":

INSERT INTO mauzo SELECT * FROM mauzo_tawi;

Hapo kanzidata haiangalii majina ya kolamu. Inapanga kwa nafasi: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Huku mna simu kisha kiasi, kule mtu kaunda jedwali kwa kiasi kisha simu. Zote zikiwa za namba, hakuna kosa litakalotokea. Mteja wa sukari ya 3,200 anaonekana kalipa shilingi milioni 712 na ushee, na simu yake ni 3200. Sufuri ya mbele imeshapotea, maana kolamu ya namba haijui 07. Simu ni maandishi jamani, nani anajumlisha simu?

Andikeni majina pande zote mbili, vidole havitakatika:

INSERT INTO mauzo (risiti, simu, kiasi, tarehe)
SELECT risiti, simu, kiasi, tarehe FROM mauzo_tawi;

Halafu nyie mnaotumia programu ya kanzidata ya MySQL na INSERT IGNORE yenu! Mnadhani inaruka risiti zilizojirudia tu. Inakata pia maandishi yaliyozidi urefu, na NULL (pasipo na thamani yoyote) kwenye kolamu isiyoruhusu NULL inageuzwa sufuri au maandishi matupu. Yote hayo yanabaki kuwa maonyo, na amri ya kuyaonyesha, SHOW WARNINGS, hamjawahi kuifungua. REPLACE INTO ndiyo mbaya kuliko zote: inafuta mstari wa zamani ndipo inaingiza mpya, na kama jedwali la bidhaa za risiti lina ON DELETE CASCADE (risiti ikifutwa, vinavyoitegemea navyo vinafutwa), bidhaa zote za risiti ile zimekwenda.

Kuruka zilizopo tumieni NOT EXISTS. Msilete NOT IN: NULL moja tu ndani ya orodha, haiingii hata risiti moja.

Wa PostgreSQL, kanzidata ile nyingine, msicheke. Mkihamisha na id zake (namba ya pekee ya kila mstari), kihesabio kinachotoa id mpya hakina habari. Jedwali limefika id 48210, chenyewe bado kiko 31000, keshia akiuza anaambiwa ufunguo umejirudia. Akibonyeza tena, kinapanda kwa moja na kugoma tena. Dawa:

SELECT setval(pg_get_serial_sequence('mauzo','id'), (SELECT max(id) FROM mauzo));

Au acheni id nje, jedwali lijipe lenyewe. Ila kama bidhaa za risiti zinaitegemea, wekeni kolamu ya id_ya_zamani muweze kuziunganisha upya.

JIBU LA 1
Mkuu umewasahau wanaohamisha za zamani kwenda mauzo_kale kwa INSERT, kisha DELETE yenye WHERE ile ile. Risiti ya tawi iliyochelewa ikiingia katikati ya amri hizo mbili, inafutwa bila kunakiliwa. PostgreSQL inafanya yote kwa amri moja:

WITH iliyotoka AS (DELETE FROM mauzo WHERE tarehe < '2024-01-01' RETURNING risiti, simu, kiasi, tarehe)
INSERT INTO mauzo_kale (risiti, simu, kiasi, tarehe)
SELECT risiti, simu, kiasi, tarehe FROM iliyotoka;

Kwenye MySQL futeni zile tu ambazo risiti yake imeshaonekana mauzo_kale. Na msifanye saa tano asubuhi! Kwa REPEATABLE READ (mpangilio wa kawaida wa MySQL wa kutenganisha kazi zinazoendeshwa pamoja), INSERT ... SELECT inafunga mistari inayoisoma, wengine wasiibadilishe. Tarehe isipokuwa na indeksi (faharasa ya kutafutia haraka), inasoma jedwali zima na kulifunga zima, foleni dukani inafika barabarani. Kateni vipande vya mistari 5,000 kwa id.

JIBU LA 2
Si mtu apige COUNT(*) kabla na baada, yaishe?

MLETA UZI
Mkuu, kolamu zikibadilishana nafasi, idadi ya mistari ni ile ile. Piga COUNT(*) na SUM(kiasi) za mistari ya mauzo_tawi inayoingia, kisha angalia kama mauzo yameongezeka kwa kiasi hicho hicho. Fanya hivyo ukiwa umeanza na BEGIN, ili mabadiliko yasithibitishwe kwanza. Duka la sukari likisoma matrilioni, ROLLBACK, yote yanarudi yalivyokuwa. Bila BEGIN imeshaandikwa, katafute bakapu.