Mjadala: Rubani wa shirika lingine aendelee kuketi chumba cha marubani?

Kiti cha Tatu (mleta mada)

Wakuu, tangu tarehe 22 Oktoba 2023 mada hii haijapoa, na haifai ipoe. Siku hiyo rubani aliyekuwa nje ya zamu alipewa kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani, kwenye Embraer 175 ya Horizon Air iliyokuwa ikitoka Everett kwenda San Francisco. Wakiwa angani akashika mishikio miwili ya kuzima moto wa injini na kuivuta. Wenzake wakamdhibiti, ndege ikageuziwa Portland.

Kwa msioujua utaratibu: Marekani, marubani wengi hawaishi kwenye mji wanakoanzia zamu. Mtu anakaa Denver, kituo chake cha kazi kiko New York. Mashirika yana makubaliano ya kubebeana watu: mimi nampakia rubani wako bure, wewe unampakia wangu. Siti ya abiria ikibaki tupu, anapewa hiyo. Ndege ikijaa, anaingia mbele na kuketi jampsiti, kile kiti cha kukunja nyuma ya marubani.

Msimamo wangu: siti ya abiria apewe kila ikipatikana, lakini jampsiti ya mbele ifungwe kwa yeyote ambaye si mwajiriwa wa shirika linalorusha ndege hiyo au shirika ndugu lake. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 tumeimarisha mlango ule usipenyeke kwa nguvu wala kwa risasi, kisha tunamfungulia mtu ambaye kapteni amekutana naye dakika kumi zilizopita. Karibuni, ila mje na hoja.

Karatasi ya Mzigo

Mleta mada, chukua matukio makubwa yanayotajwa kila mjadala huu unapozuka, uyapitishe kwenye kanuni yako.

Ndege ya shirika la PSA, safari namba 1771, tarehe 7 Desemba 1987, watu 43 wakafa. Aliyeiangusha alikuwa amefukuzwa kazi USAir, kampuni iliyokuwa imeinunua PSA mwaka huohuo, na kitambulisho chake kilikuwa hakijachukuliwa. Alipanda kama abiria. Ndege ya mizigo ya FedEx, safari namba 705, tarehe 7 Aprili 1994: mhandisi wa ndege wa FedEx yenyewe alipanda DC-10 kama msafiri wa kampuni, akawashambulia marubani kwa nyundo. Walijeruhiwa vibaya, wakapigana naye, wakairudisha ndege Memphis. Horizon 2023: aliyevuta mishikio alikuwa rubani wa Alaska Airlines, na Alaska na Horizon zina mmiliki mmoja.

Hakuna hata mmoja aliyetoka shirika geni. Kanuni yako ingewaacha wote watatu wapite, halafu ingewafungia nje maelfu ya watu ambao hawajawahi kufanya lolote. Ukitaka kufunga kiti, kifunge kwa wote, wakiwemo wa nyumbani. Hiyo angalau ingekuwa hoja inayosimama.

Lango la 14

Nyongeza kwa upande wa geti, maana wengi wanadhani mtu anaonyesha kitambulisho na kupita tu.

Rubani wa shirika lingine anakuja kaunta, anaomba jampsiti, anatoa kitambulisho cha kazi na hati ya serikali yenye picha. Mhudumu anaingiza msimbo wa shirika lake na namba yake ya ajira kwenye mfumo unaoitwa CASS. Mfumo unauliza hifadhidata ya mwajiri wake papo hapo. Jibu linarudi na picha pamoja na neno moja: ameruhusiwa au amekataliwa. Mhudumu analinganisha nyuso tatu, ya kwenye skrini, ya kwenye kitambulisho na ya mtu aliyesimama mbele yake. Baada ya hapo ndipo anachapisha fomu ya kumpelekea kapteni.

Huu mfumo ulizaliwa kwa sababu ya 2001. Baada ya mashambulizi yale chumba cha marubani kilifungwa kwa marubani wa mashirika mengine, wakabaki kutegemea siti za abiria mpaka CASS ilipoanza kutumika miaka michache baadaye. Kwa hiyo pendekezo la mleta mada lilishawahi kuwa hali halisi.

Vinavyokwamisha ni vya kawaida sana. Namba ya ajira imeingizwa vibaya kwa tarakimu moja. Jina kwenye leseni limebadilika baada ya ndoa lakini kwa mwajiri ni la zamani. Mfumo wa mwajiri umezimika usiku. Katika hali zote hizo jibu haliji au linakuja la kukataa, na mtu huyo haendi mbele hata kama mhudumu anamfahamu kwa sura. Siti ya abiria bado anaweza kupewa.

Kiti cha Tatu

Lango la 14, asante, maelezo safi. Lakini umenisaidia mimi. CASS inajibu swali moja: huyu bado ameajiriwa? Haijibu kama amelala, kama ana msongo, kama kuna kitu amekula. Yule wa 2023 alikuwa mwajiriwa halali na kitambulisho chake kilikuwa sawa.

Mshikio

Mkuu, hapo ndipo penyewe, na tupaangalie kwa karibu badala ya kuogopana.

Kwenye Embraer 175 mishikio ile iko paneli ya juu, mmoja kwa kila injini. Ukiuvuta hadi mwisho, vali ndani ya bawa inafunga mafuta ya injini hiyo, na mfumo wa haidroliki na hewa inayochotwa kwenye injini vinatengwa nayo pia. Ukiuzungusha baada ya kuuvuta, chupa ya gesi ya kuzima moto inafyatuka. Umetengenezwa uvutwe haraka na mtu mmoja, kwa sababu injini ikiwaka moto hakuna muda wa kutafuta ufunguo. Huwezi kuuwekea kufuli bila kumdhuru rubani mwenye moto wa kweli.

Injini hazikuzimika siku ile kwa sababu mbili: marubani walimshika mkono mapema na kuirudisha mishikio mahali pake, na mafuta yaliyobaki kwenye bomba yalitosha kwa muda huo mfupi. Watu wawili walikuwa macho, wamemkabili mmoja. Ulinzi wa mwisho ulikuwa huo.

Ndiyo maana nasema mkazo uwe kwenye dakika chache kabla ya mlango kufungwa. Sheria ya Marekani, kifungu cha 121.547, inataja nani anaweza kuingizwa, lakini haimlazimishi kapteni kumpokea yeyote. Ulaya nako, kanuni ya 965/2012 inamwachia kapteni neno la mwisho. Kapteni akisema hapana, ni hapana. Tatizo ni kwamba wengi hawaitumii haki hiyo. Mgeni anakuja na fomu wakati orodha ya ukaguzi inasomwa, anasema "Kapteni, naomba lifti," anaitikiwa bila kutazamwa.

Inavyotakiwa: kapteni anasimamisha anachofanya. Anaangalia kitambulisho, leseni na cheti cha afya kwa mkono wake. Anauliza umetoka wapi, unaelekea zamu au unarudi, umelala saa ngapi. Anasikiliza namna anavyojibu zaidi ya jibu lenyewe. Kisha anampa maelekezo: barakoa ya oksijeni ile pale, ivae hivi, mkanda unafungwa hivi, kimya chini ya futi 10,000, isipokuwa ukiona hatari, na usiguse kitu. Dakika tatu zinatosha.

Zamu ya Alfajiri

Samahanini, naona mnabishana kuhusu mlango wakati tatizo kubwa linapita pembeni. Uchovu.

Ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka Februari 2009 karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Rubani msaidizi alikuwa anaishi maeneo ya Seattle, kituo chake Newark. Alivuka nchi usiku kucha kwa ndege za mizigo, akabadilisha Memphis, akafika asubuhi ya siku ya zamu. Bodi ya uchunguzi NTSB ilitaja jinsi kapteni alivyolijibu onyo kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuibeba ndege kuwa chanzo. Kuhusu uchovu ilisema huenda uliwaathiri wote wawili, ila kiasi gani haikuweza kuthibitishwa.

Kanuni mpya za Marekani za saa za kazi, sehemu ya 117, zilianza Januari 2014. Zinadai mapumziko ya saa 10 yenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa, na rubani athibitishe kabla ya safari kwamba yuko sawa. Lakini safari ya kutoka nyumbani kwenda kituoni haihesabiwi popote. Mtu anaweza kutumia mapumziko yote hayo kwenye jampsiti tatu, na kwenye karatasi akaonekana amepumzika. Tena kanuni hizo haziwagusi marubani wa ndege za mizigo pekee, ambao ndio wanaoruka usiku zaidi.

Mwongozo wa Ulaya angalau unamwambia rubani hivi: kama safari yako ya kwenda kituoni kwa kawaida inazidi dakika 90, fikiria kupata malazi ya karibu. Ni ushauri, si amri, ila umeandikwa.

Kiti cha Tatu

Zamu, sasa wewe unataka nini? Jampsiti ifutwe ili wahamie karibu na kituo?

Zamu ya Alfajiri

Hapana kabisa. Ukifuta jampsiti hawatahama. Kituo kinaweza kufungwa au rubani akahamishwa mwakani, nani atauza nyumba kwa hilo? Watakachofanya ni kutoka nyumbani mapema zaidi na kujaribu ndege nyingi zaidi, na uchovu utaongezeka.

Ninachotaka ni kampuni impe rubani siti ya uhakika ya kwenda zamu, yenye jina lake, kama inavyompa inapomhamisha kikazi. Mikataba kadhaa tayari ina kipengele kinachomlinda rubani aliyepanga ndege mbili zilizoonyesha nafasi akakosa zote: haadhibiwi. Kipengele hicho kinazuia adhabu, hakimfikishi. Mzigo wa kumfikisha kampuni imeutupia shirika lingine, bure.

Karatasi ya Mzigo

Nakubaliana, na hapa kuna jambo la vitendo. Jampsiti haina uhakika hata ikiwa tupu. Ndege nyingi za kikanda zina moja tu. Foleni inaanza na marubani wa shirika lenyewe, halafu wa mashirika ndugu, halafu wengine kwa kufuata aliyejiandikisha kwanza. Barakoa ya kiti hicho ikiwa mbovu, kiti hakikaliwi. Siku ya joto kali kwenye njia fupi ya kurukia, ndege ikifika ukomo wa uzito, mtu mmoja na begi lake ni kama kilo 90 hadi 100 ambazo hazipo. Anashushwa na mlango unafungwa. Mtu wa zamu ya saa 12 asubuhi hawezi kujengea maisha juu ya kitu cha namna hiyo, lakini ndivyo maelfu wanavyofanya.

Kiti cha Tatu

Hoja ya shirika geni naiondoa. Karatasi ya Mzigo ameivunja na sina jibu. Lakini sijahama kwenye hili: kama siti ya abiria ipo, hata moja ya katikati mstari wa mwisho, mtu akae huko, awe wa nyumbani au wa nje. Mbele iwe njia ya mwisho, si upendeleo wa kwenda kupiga soga.

Mshikio

Hapo mimi nakupinga nusu. Jicho la tatu lenye uzoefu limewahi kuona flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa, hazijashuka au namba ya njia ya kurukia imesikika vibaya. Wengi wanaokaa mbele wanalipa nauli yao kwa kuangalia. Ila kama kapteni hana dakika tatu za kumhoji, basi aende nyuma, na nyuma kukijaa abaki geti.