Picha za wadudu kwa karibu zinatoka ukungu: ninunue lenzi ya makro au tatizo ni mimi?

MtuWaKibosho
Wakuu, habari za leo.

Napiga picha za harusi na pasipoti hapa Moshi mjini, wikiendi napanda Kibosho kwa bibi. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kimejaa wadudu: vipepeo, nyigu, kereng'ende kwenye mfereji, na wale kunguni wa kahawa weusi wenye mabaka ya machungwa na meupe. Mwezi wa pili huu nawapiga kwa karibu, na kila nikifungua kompyuta natamani kulia. Jani kali, mdudu ukungu. Au mgongo mkali, macho ukungu. Kipepeo ndiyo kabisa, nikimsogelea keshahamia kwa jirani.

Kamera ni Canon ya zamani na lenzi yake ya 18-55. Kuna lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya mm 100 nimeiona Arusha, mtumba, milioni moja na laki mbili. Nina laki saba, pamoja na harusi mbili ambazo wenyewe wanasema "kesho". Rafiki yangu ananishauri niwakamate, niwatie kwenye friji wapoe, halafu niwarudishe kwenye ua. Huwa naanza saa nne asubuhi baada ya chai.

Naombeni ushauri, natanguliza shukrani.

FundiLenzi
Mkuu, umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Saa nne! Saa hiyo wadudu wameshaota jua na wana nguvu kukuzidi, na upepo wa kupanda mlimani umeshaanza. Ukiona mlima umeanza kujifunika mawingu, jua muda wako umekwisha.

Nenda saa kumi na mbili na nusu. Mdudu hana joto lake la ndani kama sisi, kwa hiyo usiku wa Kibosho unamgandisha. Utamkuta kereng'ende ameshika unyasi, umande umemjaa mabawani, na hawezi kuruka mpaka apate joto. Hiyo ndiyo friji, ipo bure, na mdudu amekaa mahali alipochagua mwenyewe.

MamaAlizeti
Naunga mkono, na kuhusu friji niseme wazi: usifanye. Mdudu aliyetolewa kwenye baridi hakai kama anavyokaa mwenyewe, miguu inajikunja, na anayewajua atagundua mara moja. Wengine wanakufa. Halafu utasema umempiga porini?

Kipepeo usimfukuze. Chagua ua moja linalotembelewa sana, kaa chini, subiri. Wenyewe wanarudi. Angalia tu kivuli chako kisipite juu ya ua, maana macho yao yanashika mwendo haraka kuliko unavyodhani.

Kerengende_Arusha
Mimi nitapingana kidogo. Hiyo mm 100 ninayo na sijajuta. Unampata mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani kwenye sensa ya kamera anatokea kwa kipimo kile kile alicho nacho, ukiwa bado na sentimita kumi na kitu mbele ya lenzi. Nyigu huwezi kumwendea kwa sentimita nne, labda kama uso wako umeukinai.

FundiLenzi
Kweli kabisa, lakini mtu mwenye laki saba na madeni ya harusi aanze na ringi ya kugeuzia lenzi. Ni kachuma kadogo, bei yake haifiki hata ya tanki la mafuta ya bodaboda. Unaifunga mbele ya 18-55 yako, unaigeuza lenzi nyuma mbele. Ikiwa 55 unakaribia ukubwa halisi. Ukirudi kuelekea 18 mdudu anazidi kuwa mkubwa, na kazi inazidi kuwa ngumu.

Tatizo la Canon ni kwamba lenzi ikigeuzwa haiongei na kamera, na tundu lake la kupitisha mwanga linabaki wazi. Kabla ya kuigeuza weka tundu f/8 (namba ikipanda, tundu linabanwa), bonyeza kile kitufe cha kutazama kina cha picha, na ukiwa bado umekibonyeza chomoa lenzi. Tundu litabaki limefungwa pale pale. Ukitazama utaona giza kidogo, ndivyo ilivyo.

Sasa ukungu wako. Kwa ukubwa halisi, hata f/11 inakupa sehemu kali ya milimita moja hivi. Moja! Ukipumua tu imehama. Kwa hiyo usizungushe fokasi. Iache, kisha sogea mwili mbele na nyuma taratibu kama abiria anayesinzia kwenye daladala, na ubonyeze mfululizo macho yanapoingia. Mdudu akikupa ubavu, weka kamera sambamba na mwili wake, ile milimita imfunike kuanzia kichwa mpaka mkia.

MtuWaKibosho
Asante sana kaka. Na mwanga? Chini ya migomba ni giza, nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) picha inajaa chenga.

FundiLenzi
Flashi. Weka spidi 1/200 ya sekunde, ISO 200, flashi kwa nguvu ndogo. Mmweko wake ni mfupi sana, unagandisha hata mtikisiko wa mkono. Ila usiupige mtupu, mgongo wa mdudu utang'aa kama sufuria mpya. Kata kipande cha dumu jeupe la maziwa, kizibe mbele.

MangiMdogo
Mkimkuta vunjajungu msimguse, wazee walisema ukimgusa utavunja chombo utakachoshika baadaye. Na hapo utakachoshika ni kamera 😂

MamaAlizeti
Mangi naye! Huyo ndiye wa kuanzia. Anakaa kimya akivizia, na anageuza kichwa kukutazama, kama vile amelipia picha.

Mdogo wangu, hao kunguni utawapata zaidi kwenye mibuni iliyosongamana, isiyopogolewa. Wapige juu, ubavuni na chini, kisha ziweke iNaturalist, programu ya kutambua viumbe, upate jina. Zikitoka vizuri wapelekee watu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu, kahawa ndiyo kazi yao. Na ukiingia kihamba cha jirani piga hodi. Mtu anayetambaa kwenye kahawa ya watu alfajiri anaweza kueleweka vibaya.

MtuWaKibosho
Mrejesho, wakuu. Ringi nimepata, dumu nimekata, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa chini ya mbuni, magoti yameloa. Picha 140, nzuri tatu. Moja ni kunguni mzima, macho makali mpaka vinyweleo vya miguu unavihesabu.

Bibi alikuja na ndoo, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akatazama kwa muda, akauliza, "Ndiye huyu anayenyonya kahawa yangu?" Nikamwambia ndiye. Akauliza yuko wapi sasa hivi. Nikamwonyesha.

Picha ya nne sikuipata.