Re: Ile ramani nyekundu ya majira ya joto (Iowa, Illinois, Nebraska, Marekani)

Kutoka: Cedar Rapids

Salaam nyote. Ile ramani ya utabiri wa joto la Juni hadi Agosti imeshanifikia mara nne, na kila anayeituma anaongeza chumvi yake. Wa kwanza kasema tutaungua, wa pili kasema serikali inaficha mengine, wa nne kanishauri nihamie Alaska. Jamani, tuisome kwanza.

Inatolewa na Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha Marekani, kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Wanachofanya ni kuchukua majira ya joto ya miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020, na kuyagawa mafungu matatu: yaliyokuwa ya joto zaidi, ya kati, na ya ubaridi. Usipojua lolote, kila fungu lina nafasi ya 33%. Sasa Iowa ikipakwa rangi na kuandikwa 40%, maana yake nafasi ya wastani wa Juni, Julai na Agosti kuangukia fungu la joto imepanda kutoka 33 hadi 40. Basi. Haisemi siku za moto zitakuwa ngapi, haisemi zitakuwa moto kiasi gani, na Jumamosi yako ya harusi haiijui kabisa. Pale palipoachwa peupe pia msidanganyike kwamba kutakuwa shwari. Ni kwamba hawajaona pa kuegemea.

Mimi naitazama mara moja naifunga. Kinachotutesa huku ni wiki moja ya Julai au usiku mmoja wa Agosti, na hivyo huja hata katika mwaka ulioandikwa kuwa wa ubaridi.

Kwa mliofika juzi: fukuto la huku huchochewa na mahindi. Sitanii. Ekari moja ya mahindi yaliyokomaa hutoa hewani lita 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku, na ninyi mmeona mashamba ya Iowa yanavyoanza na yasivyoisha. Juu ya hapo kuna unyevu unaopanda kutoka Ghuba ya Mexico. Ukitoka nje saa moja asubuhi ya katikati ya Julai, miwani inaingia ukungu kabla hujafika kwenye gari. Hiyo siku iheshimu.

Kutoka: Davenport

Shikamoo kaka. Ya ramani nimeelewa. Lakini simu yangu inasema 90, halafu chini yake inasema mwili utasikia kama 100. Nimwamini nani? Mama yangu mzazi yuko kwangu sasa, ana miaka 71, tuko ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kilikufa mwaka jana na mwenye nyumba kila wiki anapiga kalenda. Mama anasema feni yatosha, na nikienda kazini madirisha anafunga yote, anaogopa wezi.

Kutoka: Cedar Rapids

Marahaba dada. Iamini ile ya pili. 90 za Fahrenheit (32 za Selsiasi) ni joto la hewa peke yake. Unyevu ukifika 60%, jasho halikauki vizuri, linateleza tu mgongoni, na mwili unapata shida kana kwamba ni 100 (karibu 38). Hesabu hiyo ni ya mtu aliye kivulini. Juani inaweza kuongezeka kwa hadi digrii 15 za Fahrenheit, kwa hiyo vijana wa kuezeka mapaa na wa mashambani wasijipime kwa simu.

Feni ya mama sasa. Feni haipoozi hewa, inaisukuma. Chumba kikishapita 90, anasukumiwa hewa ya moto, na wataalamu wa afya hawashauri kuitegemea hapo. Kuhusu madirisha, msimulie Chicago ya Julai 1995. Siku chache tu, watu zaidi ya 700 walifariki. Wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao, na wengine walikuwa wamefunga madirisha kwa hofu hiyohiyo ya wezi. Kilichowamaliza hasa ni usiku ambao haukupoa, mwili haukupata nafasi ya kupumua. Usimwambie kumtisha, lakini mwambie.

Kabla hamjapata kiyoyozi: mchana mpeleke maktaba, ni baridi na ni bure, hakuna atakayemuuliza kitu. Piga 211, namba ya huduma za jamii, watakuambia vituo vya kupoza watu vilivyo karibu. Nyumbani, oga ya maji ya vuguvugu na taulo lililoloa shingoni vinasaidia kuliko anavyodhani. Ampe mwili maji hata kama hana kiu, maana kiu ya wazee huchelewa. Kama anatumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, asiziache, ila daktari aulizwe mapema. Na siku ukimkuta anachanganya maneno, au ngozi inawaka na anayumba, ni kupiga 911, namba ya dharura, palepale. Sio chai ya tangawizi, sio kumpigia mchungaji kwanza.

Kutoka: Omaha

Mimi joto nalivumilia, kilichoniumiza ni mvua ya mawe. Mwezi uliopita, saa nane usiku, nimelala fofofo. Simu kimya, hakuna onyo lolote. Asubuhi bati la gari lina vibonyeo kama sufuria ya hoteli, na kioo cha nyuma kimo kitini. Napiga simu bima, naambiwa niliyonayo ni ile bima ndogo, inamlipa ntakayemgonga tu. Kwa hiyo wenzangu, mawe yanalipwa na bima kubwa, ile ya gari lenyewe. Karatasi zenu zisomeni leo, sio mawe yakishaanguka.

Maswali mawili kwa mzee: kwa nini simu haikulia? Na kwa nini radi za huku zinapenda usiku?

Kutoka: Cedar Rapids

Pole sana mdogo wangu. Simu haikulia kwa sababu dhoruba yako haikufika kiwango chake. Onyo la dhoruba kali hutolewa upepo ukifika maili 58 kwa saa (kilomita 93), au mawe yakiwa na upana wa inchi moja. Lakini tangu 2021, simu hulazimishwa kulia kwa zile za uharibifu tu: upepo wa maili 80, au mawe makubwa kama mpira wa besiboli. Kati ya hapo unavunjiwa kioo kwa amani. Ndiyo maana mimi nina redio ndogo ya hali ya hewa kando ya kitanda. Inapiga kelele hadi jirani anajua. Msitegemee king'ora cha mjini, kimewekwa kwa ajili ya aliye nje, si kwa aliyejifunika shuka na kiyoyozi kinavuma.

Ukiona neno WATCH (tahadhari, dhoruba inaweza kutokea), viungo vipo jikoni, moto bado haujawashwa. Ingiza gari pa kujificha, chaji simu. Ukiona WARNING (onyo, dhoruba ipo), sufuria imeshafurika kwa mtu fulani na inakuja kwako. Shuka besimenti, au chumba cha ndani cha chini kisicho na dirisha.

Usiku sasa. Joto likitanda juu yetu kama kifuniko, radi hazipati pa kupandia katikati yake, zinazunguka pembeni. Mchana zinazaliwa mbali magharibi. Jua likishazama, upepo wa juu kidogo ya ardhi unaongeza kasi kutoka kusini, unazilisha unyevu, nazo zinajikusanya na kusafiri kuelekea mashariki usiku kucha. Wenzetu wa kando ya Ziwa Victoria hawatashangaa, kwao pia, juu ya maji, ngurumo nyingi ni za usiku.

Ila kubwa kuliko zote niliyoiona ilikuja mchana. Tarehe 10 Agosti 2020, jikoni, nachemsha maharage. Mbingu ikawa nyeusi saa sita na nusu, taa za barabarani zikawaka. Hiyo ndiyo derecho, ukuta wa upepo uliotembea saa kama 14 kuvuka majimbo. Hapa mjini walikadiria ulifika maili 140 kwa saa (kilomita 225). Sikuogopa kishindo, niliogopa kwamba hakiishi. Nilizoea upepo wa dakika tano, ule ulikaa zaidi ya nusu saa. Tulipotoka, kuta za nje zilikuwa zimepakwa majani yaliyosagika, kijani kibichi, kama mtu ametupa sombe iliyotwangwa. Ndugu zetu wengi waliobomokewa walilala kwenye mahema uwanjani. Umeme kwa wengine ulikatika hadi wiki mbili.

Hapo ndipo mambo mawili yanapokutana, dhoruba na joto. Juni 29, 2012, derecho nyingine ilitoka Indiana hadi Washington, D.C., ikazima umeme kwa wateja zaidi ya milioni nne katikati ya wimbi la joto. Upepo ulipita kwa saa chache, joto likabaki siku kadhaa bila feni wala barafu. Kwa hiyo umeme ukikatika, friji iliyofungwa itahimili saa 4 tu. Friza iliyojaa saa 48, iliyo nusu 24. Gandisha kikombe cha maji ndani ya friza, weka sarafu juu yake. Ukirudi ukaikuta imezama chini, nyama ilishayeyuka na kuganda tena, usiipikie watu. Na jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea kwingine. Sio barazani, sio gereji hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo haina harufu.

Dada wa Davenport, nina kiyoyozi cha dirishani hakitumiki. Gari langu dogo, na mgongo wangu haupandi ghorofa tatu. Nani yuko huko?

Kutoka: Moline

Mimi niko ng'ambo ya mto tu kutoka Davenport, nina pikapu. Jumamosi naweza kuja Cedar Rapids kukichukua, nikitoka zamu saa nane mchana. Dada, pima upana wa dirisha unitumie, na uliza kama linafunguka kwenda juu au pembeni. Cha kwangu nilikipandisha ngazi zote ndipo nikagundua hakiingii.