Shindano la hadithi fupi Mikindani: tuweke kiingilio au tuache?

Steshenari_Mikindani:
Wakuu, salaam. Nina steshenari huku Mikindani: fotokopi, madaftari, kuchapa barua za kazi. Vijana huniachia hadithi zao niwachapie, na nyingine, wallahi, nazisoma mpaka mteja anagonga meza. Sasa mimi na mwalimu mmoja mstaafu tunataka kuanzisha shindano la hadithi fupi kwa watu wa Mikindani na Mtwara Mjini, mwisho maneno 1,500. Zawadi ya kwanza 150,000, tumeshaichanga. Mwenzangu anataka kiingilio cha 5,000 ili wasio makini wajichuje wenyewe. Mimi roho haitaki. Halafu mji wenyewe ndio huu, tunajuana wote. Waamuzi wasiosemwa tutawatoa wapi?

Nangurukuru:
Kiingilio acha. 5,000 haichuji wasio makini, inachuja wasio nayo. Na ukishapokea hela ya mtu, siku akikosa zawadi atataka chake. Kama mnaogopa wingi, baneni kwingine: mtu mmoja hadithi moja, na yenye maneno ya ziada isisomwe. Piga hesabu, hadithi 40 za maneno 1,500 ni maneno 60,000. Riwaya nzima hiyo, na kila mwamuzi aimalize.
Tarehe nazo muangalie. Msifunge Oktoba wala Novemba, watu wako kwenye mikorosho na masikio yako mnadani. Tangazeni Mei, mfunge katikati ya Julai, likizo ya Juni iwe ndani yake.

Kitangari:
Mkuu, kuficha majina peke yake hakutoshi. Niliwahi kuwa mwamuzi wa shindano la wanafunzi. Majina yamefunikwa kwa karatasi, yamepigwa stepla, safi kabisa. Lakini mwalimu aliyekaa kushoto kwangu akishika karatasi tu anatabasamu: ile "y" yenye mkia mrefu anaijua tangu mtoto yuko darasa la tano! Jina limefichwa, mwandiko unatoa shikamoo.
Wewe una kompyuta, hiyo ndiyo turufu yako. Pokea za mkono, usimnyime mtu kwa kukosa simu janja, ila zote zichapwe upya kwa herufi za aina moja, juu namba tu. Anayechapa asisahihishe kitu. Kama mtu kaandika "mie", iwe "mie", na sentensi iliyopinda ibaki imepinda. Orodha ya namba na majina kaa nayo wewe, kwa hiyo wewe usihukumu. Najua utatamani.
Waamuzi watatu, walau mmoja atoke Lindi au Masasi. Kila mmoja aandike alama zake nyumbani, azikabidhi, ndipo wakutane. Wakianza kwa kukutana, mwenye sauti nene ndiye ataamua mshindi.

Steshenari_Mikindani:
Hilo la mwandiko sikuliwaza kabisa, ahsante sana. Je, mtu akileta ngano ya sungura na fisi aliyosimuliwa na bibi yake? Na hadithi zikishaingia zinakuwa za nani? Mwalimu anataka tutoe kijitabu.

Nangurukuru:
Ngano ya bibi kama ilivyo, hapana. Shindano ni la utunzi. Ila akimpeleka huyo sungura stendi ya Mkanaledi akawa anapiga debe, hiyo kaitunga, ipokeeni.
Hadithi ni ya mtunzi tangu anapoiandika, hata kama hajaisajili popote. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Msije mkaandika "kazi zote zitakuwa mali ya waandaaji", nimeona matangazo ya hivyo na yanakera. Ombeni ruhusa kwa maandishi kuichapa mara moja kwenye kijitabu, basi. Tena ombeni kwa hizo mtakazozichapa tu, maana tuzo nyingi hutaka kazi isiyowahi kuchapwa, msimzibie mtu njia.

Steshenari_Mikindani:
Kiingilio nimekifuta. Mwalimu kanuna kidogo, ila la mwandiko limemchekesha, anasema hata yeye angewatambua nusu yao. Sasa nani yuko Lindi Mjini au Masasi anayeweza kutusomea kuanzia mwisho wa Julai? Posho kubwa hatuna, nauli na chakula tutatoa. Karatasi nitakuletea kwa basi. Njoo PM.