Mawasiliano ya bei nafuu kwa vijana wa nyuma ya jukwaa shuleni: naombeni ushauri

Mlezi wa Maigizo

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mlezi wa klabu ya maigizo kwenye shule ya sekondari ya bweni, Morogoro. Siku ya wazazi tunaigiza bwaloni. Jukwaa liko upande wa mashariki, meza ya taa na sauti iko nyuma kabisa ya watazamaji karibu na mlango wa jikoni, kama mita 25 hivi. Msimamizi wa jukwaa ni binti wa kidato cha tatu, anakaa pembeni nyuma ya pazia, na akiwa pale hawezi kumwona kijana wa taa.

Wanaotakiwa kusikilizana ni watano: msimamizi, taa, sauti, pazia, na yule anayewatoa waigizaji darasani wanakovalia. Hadi sasa tunatumia mtoto wa kukimbia na ujumbe. Kwenye zoezi la wiki iliyopita taa zilizimwa wakati binti anayelia msibani bado ana sentensi mbili. Akazimalizia gizani. Aliigiza vizuri mno, iliniuma.

Bajeti ni Sh 200,000. Simu ya kundi ya WhatsApp haifai, mtandao bwaloni ni wa kubahatisha, na wazazi wakijaa ndiyo kabisa. Halafu wanafunzi hawaruhusiwi kumiliki simu shuleni, kwa hiyo chochote tutakachotumia lazima kikae mikononi mwangu.

Fundi Mawimbi

Mwalimu, wengi watakwambia ununue woki-toki, zile Baofeng BF-888S wanazoshika walinzi. Bei yake ni rahisi na chaji inakaa. Ila kwa jukwaani zina mambo yake. Ukizungusha kitufe cha chaneli inatamka namba kwa sauti, mpaka uizime kwa kompyuta. Akiongea mmoja wengine wanasubiri. Kila mtu lazima awe na kisikilizio cha sikioni, la sivyo wazazi wa mstari wa mbele watasikia "pazia, pazia". Na zikirusha mawimbi karibu na mixa (mashine ya kuchanganya sauti) au nyaya za maikrofoni, spika zinaweza kunguruma.

Kubwa zaidi ni sheria. Masafa ya redio hapa nchini yako chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na redio za aina hii zinahitaji kibali. Shule isijiingize huko kwa ajili ya onyesho la jioni moja.

Kijana wa Uzi Mrefu

Naunga mkono. Na Bluetooth isahau. Spika na visikilizio vya kawaida vimetengenezwa kwa umbali wa kama mita 10, na miili ya watu waliojaa katikati inazuia mawimbi.

Mtandao Bila Bando

Mwalimu, unachohitaji kipo na programu yake ni ya bure. Inaitwa Mumble. Ni ya kuongea kwa sauti kwa kundi, haihitaji intaneti, inahitaji Wi-Fi tu. Kwa namna hii:

Tafuta ruta yoyote ya Wi-Fi, hata iliyokaa stoo, na uiweke juu, si chini ya meza. Kompyuta mpakato ya ofisini uiunge kwenye ruta kwa waya, kisha uweke seva ya Mumble, yaani programu inayowaunganisha wote. Windows ikiuliza kama iiruhusu kupita kwenye ngome ya ulinzi (firewall), kubali. Wengi wanakwama hapo. Kwenye simu za Android weka Mumla, programu ya simu inayoingia kwenye Mumble, andika anwani (IP) ya kompyuta na lango (port) 64738. Mara ya kwanza italalamika kuhusu cheti cha usalama cha seva, kubali tu. Hakikisha anwani ya kompyuta haibadilikibadiliki, ruta nyingi zina sehemu ya kuifunga.

Simu zinunuliwe zilizotumika, Kariakoo zimejaa. Kioo kikiwa na ufa si kitu, angalia betri, spika ya sikioni na tundu la visikilizio. Zisiwe na laini. Hapo hata mkuu wa shule hana la kuhofia, ni vifaa vya klabu, unavigawa saa 10 jioni na kuvikusanya pazia likifungwa.

Mambo mawili yatakusumbua. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti huwa inauliza kama ubaki umeunganishwa, chagua ndiyo na usiulizwe tena. Na ile mipangilio ya kubana betri inaua programu kioo kikizimika. Iondoe kwa Mumla kwenye kila simu, ama sivyo kijana wa pazia atapotea hewani katikati ya tendo la pili.

Tumia kitufe cha kubonyeza ndipo uongee. Ukiacha kipaza sauti wazi, makofi ya wazazi yatawajaa masikioni wote watano.

Mlezi wa Maigizo

Asante sana mkuu, hapa nimepata mwanga. Je, umeme ukikatika? Kwetu si jambo la ajabu.

Mtandao Bila Bando

Simu zina betri zake, mpakato pia. Kinachokufa ni ruta. Soma kibandiko cha chaja yake: nyingi ni volti 12, chache ni 9 au 5. Kuna viboksi vidogo vya betri vinavyouzwa kwa ajili ya ruta, chagua chenye volti ileile. Usiiunge moja kwa moja na betri ya pikipiki, ikiwa imejaa inavuka volti 12.

Mama Jukwaa, Nakuru

Mwalimu, mimi nimekuwa nikisaidia shule kwenye tamasha la kitaifa la maigizo huku Kenya, tangu ngazi za chini hadi taifa. Unaingia ukumbi usioujua, unapanga jukwaa haraka, unaigiza, unatoka. Pamoja na simu zote hizo, nakuomba ufanye jambo lingine: wa pazia mwondoe kwenye maongezi. Mwekee taa. Vipande viwili vya taa za LED za volti 12, swichi mbili kwa msimamizi, waya mwembamba. Nyekundu ikiwaka ajiandae, ya kijani ikiwaka avute. Pazia halina cha kujibu, linatii tu, na mikono yake yote miwili iko kwenye kamba.

Kisha mfundishe huyo binti kutoa amri kwa utaratibu mmoja. Kila badiliko lipewe namba kwenye daftari lake. "Taa ya saba, jiandae," kijana anajibu "tayari." Ikifika: "Taa ya saba, zima." Kitendo kije mwisho. Akisema "zima taa ya saba," kijana atabonyeza akisikia neno la kwanza, na hapo ndipo giza linapomkuta mliaji.

Mlezi wa Maigizo

Dada, hilo la mwisho ndilo lililotokea kwetu, neno kwa neno.

Basi simu nne, taa kwa wa pazia. Ruta ipo stoo, swichi nitamwomba fundi wa shule. Visikilizio viwe vya masikio yote mawili?

Mama Jukwaa, Nakuru

Sikio moja tu. La pili alibakishe kwa waigizaji.